Krismasi melini na mama wa miaka 79: tutasafiri na watu wa aina gani?

BARUA

Ndugu mshauri,

Salamu kutoka South B. Mimi ni mwalimu mstaafu, na ninaishi na mama yangu mzazi mwenye umri wa miaka 79. Mdogo wangu ni muuguzi kule Dallas, Marekani, na Desemba hii anatimiza miaka 50. Tulidhani atakuja nyumbani kusherehekea. Badala yake ametukatia tiketi, mimi na mama, tupande naye meli ya kitalii kwa siku saba, kuanzia Jumamosi inayotangulia Krismasi. Meli itang'oa nanga bandari ya Galveston, Texas, ipitie Roatán kule Honduras, kisha Costa Maya na Cozumel kule Mexico, halafu irudi ilikotoka. Viza tunazo tangu mwaka jana, tulipotaka kuhudhuria mahafali ya mwanawe tukashindwa na nauli. Sasa nauli na meli vyote vimelipwa. Tutakuwa watu kumi na mmoja: sisi wawili, mdogo wangu na mumewe, watoto wao wawili wa miaka 16 na 19, na jamaa za huyo shemeji.

Bahari siiogopi. Ninachoogopa ni watu.

Mwenzangu wa kwaya amenionya kwamba meli hizo ni ulevi na uchi mtupu, na kwamba si mahali pa kumpeleka mama anayeshika rozari kila jioni. Binamu yetu anayefanya kazi karibu na bandari ya Mombasa amecheka akasema hapana, abiria wa meli hizo ni wazee wa kizungu watupu, wanatembea polepole, nitasinzia siku saba. Halafu kijana wa jirani akanionyesha kwenye simu video ya vijana wakirushiana viti kando ya bwawa la kuogelea, akaniambia, "Mwalimu, jiandae." Nimsadiki nani?

Kuna mengine. Mama hutembea na mkongojo na kifua chake hakipendi moshi. Hajawahi kukosa misa ya Krismasi tangu nimfahamu. Mimi mwenyewe nimezoea nyumba tulivu, na miaka yote ya kufundisha imenimalizia hamu ya kelele za watoto wa watu. Nimejiuliza pia kama tutakuwa Waafrika pekee tukikodolewa macho mezani. Na kaka yetu aliye Kakamega amenuna, kwa sababu tangu baba afariki Krismasi yote huwa ni kwake, na safari hii amebaki na mbuzi bila wageni.

Je, niende, au nimwombe mdogo wangu abadilishe wiki? Niambie ukweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mwalimu, South B

JIBU

Mwalimu, mashahidi wako watatu wote wamesema kweli. Ila kila mmoja aliona meli yake, katika wiki yake.

Tuanze na binamu. Meli za kitalii zinazoingia Kilindini huja hasa miezi ambayo Ulaya kuna baridi, na nyingi huwa katikati ya mzunguko mrefu: zimepitia Cape Town, Zanzibar, Shelisheli au Madagaska. Safari ya majuma mawili, matatu, au hata miezi, hupandwa na mtu asiye na mwajiri wala mtoto wa shule. Huyo ni mstaafu mwenye akiba. Binamu akisimama pale getini ataona mvi na kofia za jua, na hajakosea. Angesimama Galveston wiki ya Krismasi asingeamini kwamba hiyo ni biashara ileile.

Video ya kijana wa jirani sijaiona, lakini naweza kukisia ilipigwa lini. Vurugu za namna hiyo ni za mwezi Machi, wakati vyuo vya Marekani vinapofunga na wanafunzi kushuka baharini kwa makundi, au ni za zile safari za siku tatu nne za wikendi, ambazo tiketi yake ni rahisi na abiria hupanda wakiwa na nia moja tu. Kadiri siku zinavyopungua ndivyo baa inavyojaa. Safari ya siku saba ya Krismasi si ya vijana hao, kwanza kwa bei yake: wiki ya Krismasi na ya Mwaka Mpya ndizo ghali kuliko karibu zote katika mwaka. Tena kampuni kubwa kadhaa zinazoondokea Marekani hazimruhusu kijana wa chini ya miaka 21 kujisafiria bila mtu mzima chumbani au jirani yake.

Mwenzako wa kwaya nitampa nusu ya alama. Pombe ipo, baa ni nyingi, na kwenye bwawa mchana wa jua kuna miziki na mavazi ambayo kwaya yenu haijayatungia wimbo. Lakini pombe hailipiwi na tiketi. Kwa kawaida glasi huandikwa kwenye akaunti ya chumba, na mzazi aliyeshalipia watoto watatu hunywa akipiga hesabu. Nilihudumu mezani kwenye meli hizi kabla ya kurudi Nairobi, na Krismasi kadhaa zangu zimeishia nikibeba sinia. Walionisumbua wiki hiyo hawakuwa walevi. Walikuwa watoto wa miaka minne waliokula aiskrimu tano na kukataa samaki.

Hapo ndipo jibu lako lilipo, Mwalimu. Abiria wa wiki ya Krismasi huchaguliwa na kalenda ya shule. Shule za Texas hufungwa kama majuma mawili, na Galveston ni bandari ya watu wanaokuja kwa gari lao: Houston iko mlangoni, Dallas ni mwendo wa saa tano hivi, na wengine hutoka San Antonio, Louisiana na Oklahoma. Kwa hiyo huja ukoo mzima. Babu ndiye aliyelipa, bibi amekuja na dawa zake kwenye kijisanduku chenye majina ya siku, wana na wakwe wako katikati, wajukuu hawahesabiki. Utaziona fulana za rangi moja zenye jina la ukoo mgongoni, na asubuhi ya Krismasi familia nzima, baba mtu akiwemo, iko kwenye foleni ya mayai ikiwa na nguo za kulalia za sare. Wazee ni wengi kwelikweli, ila kila mzee ana mjukuu mkononi. Mama hatakuwa kioja. Kumi na mmoja wenu mkishona kitenge kimoja mtaonekana wazoefu.

Na msiwe na wasiwasi wa kukodolewa macho. Houston na Dallas zina Wanigeria, Waethiopia na Wakenya wa kutosha, na Wamarekani weusi hupenda sana kufanyia mikutano ya ukoo melini. Kihispania mtakisikia kila kona. Zipo pia familia za Kihindi na Kichina ambazo hata Krismasi haziihusu, zimefuata likizo tu. Wahudumu wanatoka Ufilipino, Indonesia, India, Jamaika, na Wakenya wapo. Mama akisema asante kwa Kiswahili akajibiwa "karibu, nyanya," asiangushe kikombe.

Sasa nikuambie jambo ambalo wauzaji wa tiketi hawalitaji. Kampuni huhesabu nafasi za meli kwa watu wawili kila chumba. Vyumba vingi vina kitanda cha tatu na cha nne, kinachoshushwa kutoka darini au kukunjuliwa kwenye kochi. Wiki ya kawaida ya Januari vitanda hivyo hubaki vimekunjwa. Wiki ya Krismasi vyote hushushwa, na anayelala humo ni mtoto. Chukua mfano wa Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria kutoka Miami Januari 2024: kwa hesabu ya wawili wawili ni abiria 5,610, vitanda vyote vikijaa ni kama 7,600. Meli ni ileile, ngazi ni zilezile, lifti hazijaongezwa, ila wameingia watu wapatao elfu mbili zaidi, na wengi wao hawafiki kiunoni mwako. Kisheria si kosa, maana mashua za kuokolea huhesabiwa kwa idadi ile ya juu. Lakini ukisikia mtu anasema meli hiyohiyo mwezi Januari ilikuwa tulivu, ujue naye hakudanganya.

Halafu kuna hali ya hewa, na hapa wengi wa kutoka kwetu hushangaa. Mtu husikia Karibi akafungasha kanga na malapa. Galveston Desemba kuna baridi, upepo wa kaskazini ukivuma unapenya hadi mfupani, na wakati mwingine ukungu hufunga mlango wa bandari meli ikachelewa kutoka au kuingia. Mtatumia muda mwingi majini kabla ya kufika kwenye joto, na siku ya mwisho mnarudi kwenye baridi ileile. Siku hizo hakuna anayekaa kwenye bwawa. Wote, wakubwa kwa wadogo, wamo ndani: kwenye bafe, kwenye ngazi, kwenye michezo ya bahati nasibu, kwenye foleni ya kupiga picha na Santa. Hizo ndizo siku utakazoniandikia tena kwa hasira. Pitia Gikomba umtafutie mama sweta mbili nzito, na wewe beba kitabu.

Ila umati wa melini haukai mahali pamoja. Una saa zake, na anayezijua anaishi vizuri. Saa tatu hadi saa nne u nusu asubuhi, siku ya kuwa majini, bafe haipitiki. Wakati huohuo ukumbi mkubwa wa chakula, ambako mtu hukaa akahudumiwa, una meza tupu, na chai huletwa. Mpeleke mama huko kila asubuhi. Wengi hawaendi kwa sababu hawajui kwamba ni bure vilevile. Bafe yenyewe itembeleeni kabla ya saa mbili, wakati wazazi wenye watoto bado wanatafuta kiatu cha pili.

Saa mbaya kuliko zote ni kuanzia saa kumi na moja jioni. Watu wanatoka kuoga, wengine wanakwenda chakula cha kwanza, wengine wanashuka ukumbi wa maonyesho, na wote wanataka lifti. Usiku wa kuvaa nadhifu ndio kabisa. Nakumbuka nyanya mmoja kwenye kiti cha magurudumu, amevaa gauni la zambarau, akitazama milango ya lifti ikifunguka na kufungwa mara nne mbele yake, kila lifti imejaa vigari vya watoto na vijana ambao wangeweza kupanda ngazi. Alipoona hakuna anayeshuka, alimwambia mjukuu wake abonyeze ya kwenda chini ingawa walikuwa wanakwenda juu. Iliyokuja ilikuwa tupu. Walishuka nayo hadi mwisho, wakapanda nayo, na wale waliowapita wakabaki nje wakisubiri. Mama asione haya kufanya hivyo. Mwambie pia mdogo wako aangalie chumba chenu kiko wapi: cha katikati ya meli, karibu na lifti, sitaha ya chini chini, ndicho kinachofaa mtu wa mkongojo, kwa mwendo na kwa mawimbi. Kama atahitaji kiti cha magurudumu wiki nzima, kikodishwe mapema. Vile vya meli huwa ni vya kupandishia na kushushia abiria, baada ya hapo vinarudishwa.

Kuhusu chakula cha jioni, hili ndilo linaloamua utakula na kelele au bila. Kwa kawaida kuna zamu ya mapema, saa kumi na moja u nusu au saa kumi na mbili, na ya baadaye, karibu saa mbili usiku. Wiki ya Krismasi zamu ya mapema hujaa watoto na wazee, na huisha miezi kabla ya safari. Ya baadaye ni tulivu zaidi, ila sidhani mama atafurahia kula supu wakati wake wa kulala. Mimi ningechagua ya mapema na kuvumilia watoto. Wahudumu wa zamu hiyo hufanya mbio, na dakika tisini hazijaisha mmeshamaliza, mama anasali rozari yake chumbani, nawe unakwenda kutafuta sitaha yenye kimya. Hakikisheni majina yenu kumi na mmoja yameunganishwa katika oda moja ya meza. Nimeona shemeji na mashemeji wakipungiana mikono kutoka pembe mbili za ukumbi wiki nzima kwa sababu kila mtu alikata tiketi kivyake.

Kimya kipo, usikate tamaa. Meli nyingi zina eneo la watu wazima tu. Kwenye meli za Royal Caribbean huitwa Solarium na huingia wa kuanzia miaka 16, kwenye za Carnival huitwa Serenity na ni kuanzia miaka 21. Maktaba ndogo, kama ipo, haina mtu. Na kuna siri ya waliozoea: meli ikifunga gati, ukoo wote unakimbilia nje kabla ya saa nne asubuhi, meli inabaki kama shule siku ya kufunga. Si lazima mama ashuke bandari zote tatu. Cozumel yenyewe ni miongoni mwa vituo vyenye meli nyingi zaidi duniani, na wiki ya sikukuu magati yake hujaa hadi mnashuka pamoja na maelfu wa meli nyingine. Mshusheni Roatán aone kijani, Cozumel mwache apumzike. Bahati nzuri bandari zenu zote tatu kwa kawaida meli hufunga gatini, mtu akashuka kwa miguu yake. Ingekuwa Belize au Grand Cayman, ambako meli hukaa mbali na abiria wakashushwa kwenye mashua zinazoyumba, ningekuambia mkongojo ubaki chumbani, na mwenye mkongojo pia.

Misa. Wakati wa Krismasi kampuni nyingi humwalika kasisi au mchungaji asafiri na meli, na ibada hufanyiwa ukumbi wa maonyesho. Tazama ratiba ya siku, inayotolewa kila jioni kwa ajili ya kesho yake, na ufike nusu saa mapema, maana ni moja ya shughuli zinazojaa kupita kiasi. Ili mama asilale na mashaka, mdogo wako aulize kampuni sasa kama padri wa Kikatoliki atakuwepo. Mchungaji asiye wa dhehebu lolote atamridhisha mpiga gitaa, hatamridhisha mama yako.

Moshi: kasino ndiyo sehemu ya ndani ambako mara nyingi uvutaji unaruhusiwa, na kwenye meli nyingi imewekwa katikati ya njia ya kwenda ukumbini, kwa makusudi, upite ukitamani. Siku ya kwanza, kabla watu hawajatulia, tafuteni njia inayopita sitaha ya juu au ya chini yake. Kifua cha mama kinahitaji pia chanjo ya mafua kabla ya kuondoka, kwa sababu Desemba ni msimu wake kule, na mtoto mmoja mwenye kamasi anatosha. Ya kuhara na kutapika, yale ya norovirusi mliyoyasikia kwenye habari, dawa yake ni sabuni na maji. Ile sanitaiza ya mlangoni haiwezi sana na kirusi hicho, kwa hiyo asipake akadhani amenawa. Na kama bima ya matibabu haijanunuliwa, inunuliwe. Daktari wa meli anakulipisha kama hospitali ya kule, si kama kliniki ya mtaani kwetu.

Watoto wawili wa mdogo wako watakushangaza. Wa miaka 16 utamwona wakati wa chakula tu. Kuna klabu ya vijana wa miaka 12 hadi 17, na kufikia siku ya pili atakuwa na marafiki kumi wasiojua jina lake la pili. Meli nyingi zina saa ya kuwazuia watoto kuzurura, mara nyingi saa saba usiku, na walinzi huifuata. Wa miaka 19 ndiye wa kumwonea huruma: klabu amepita umri, na pombe kwenye meli zinazotoka Marekani ni hadi afike 21. Huyo hukaa pembeni na simu. Mpe kazi ya kumsindikiza nyanya yake kwenye lifti, atakushukuru kimoyomoyo.

Umeuliza kama wiki ibadilishwe. Ukitaka kimya cha kweli, wiki zake zipo: mbili za mwanzo wa Desemba. Mapambo na miti ya Krismasi huwekwa mara tu baada ya sikukuu ya Shukrani ya Marekani mwishoni mwa Novemba, nyimbo zinapigwa, bei ni nafuu, na watoto bado wako darasani. Wastaafu wajanja husafiri wakati huo. Lakini wajanja hao hawana mwana wa miaka 16 shuleni. Na kuna jambo ambalo hukuliandika, labda kwa sababu umelizoea: muuguzi kupata likizo wiki ya Krismasi si kitu kidogo. Wenzake watashika zamu zake, naye atazilipa mwaka ujao kwa Pasaka na Mwaka Mpya wa watu. Alichagua wiki ambayo ilimgharimu zaidi ya pesa. Usimwombe aibadilishe. Nenda.

Kaka wa Kakamega ana haki ya kununa, na nadhani ataendelea kununa hata mkimletea kofia ya Cozumel. Afadhali mumpigie nyinyi wawili pamoja, mama akiwa wa kwanza kusema, mkampa tarehe ya Januari ambayo mtafika. Mbuzi hana kalenda.

Niwajibu kwa pamoja na wengine walioniuliza kuhusu meli za Durban, maana Afrika Kusini Mkenya haombi viza kwa ziara fupi tangu Januari 2023 na safari hizo zinauzwa sana hapa Nairobi. Desemba ni kiangazi chao na shule zao zimefungwa, kwa hiyo familia zipo. Lakini nyingi ni safari za usiku tatu au nne, kwenda Pomene au Kisiwa cha Wareno kule Msumbiji, na hujaa makundi ya marafiki waliochangishana mwaka mzima. Muziki hauzimwi. Fukwe hizo hufikiwa kwa boti ndogo, na bahari ikichafuka hakuna anayeshuka, sherehe yote inabaki melini. Kwa kundi la wenzi wa rika moja ni raha tupu. Kwa mama wa Mwalimu, hapana.

Mwalimu, kabla ya yote, fungua pasipoti zenu leo. Kwenye viza ya Marekani kuna sehemu inayoonyesha idadi ya kuingia. Inatakiwa iwe herufi M, yaani mara nyingi, kwa sababu meli ikitoka Galveston mmeshatoka Marekani, na ikirudi mnaingia upya. Hakikisha pia tarehe haijapita, maana viza hizo ni za mwaka jana. Viza hiyo ikiwa hai inawatosha kwa upande wa Mexico. Roatán ni Honduras, kwa hiyo mdogo wako aiandikie kampuni iwajibu kwa maandishi kuhusu pasipoti ya Kenya. Katika barua hiyohiyo aulizie padri, zamu ya chakula, mahali chumba kilipo, na kama bahashishi ya wahudumu imeshalipwa, kwa sababu huwa kati ya dola 15 na 20 kwa kila mtu kila siku, na ni aibu kuigundua asubuhi ya kushuka.